Kobe wa Bega la Kushoto

Haya aliniambia Kasyoka mwenyewe, Februari hii iliyopita, tukipepeta ndengu uani kwake huko Kabati, Kitui. Hakuwa analia. Alikuwa anaongea huku mikono inafanya kazi, na mimi nikamwacha aongee.

Kasyoka ni fundi wa nguo. Cherehani yake iko sokoni, mbele ya kibanda cha Ebla, yule mama Msomali anayeuza mitumba. Mali ya Ebla ni makoti ya ng'ambo, na mengi ni ya jeshi la majini, yale mazito ya buluu iliyokolea ambayo watu wa bodaboda wanayapenda kwa baridi ya asubuhi. Lakini koti lenye beji ya jeshi halitundikwi nje. Askari akiliona atalichukua, na la jirani yake pia. Kwa hivyo mtumba ukifunguliwa, Kasyoka ndiye wa kwanza kuyashika makoti. Anafumua beji za begani kwa wembe, uzi mmoja mmoja, asitoboe kitambaa, halafu beji zinaingia kwenye jiko la chai.

Zote isipokuwa zile zenye kitu cha bahari. Hizo alikuwa akizibeba nyumbani.

"Mama Mulinge," Mutisya wa viatu alikuwa akimtania kutoka upande wa pili wa njia, "jeshi lako limetosha sasa? Tukivamiwa tukimbilie kwako?"

"Wewe nitakuweka jikoni umenye viazi. Bunduki utajipiga nayo mguu."

Walicheka, lakini Mutisya alijua ni za nini, na soko lote lilijua. Mulinge, mwana wake wa pekee, alipata grinkadi akaenda Amerika, na huko akaingia jeshi la majini. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili watu wakitoka kanisani. Halafu baba yake akafariki, naye hakuja kuzika. Watu walisema mengi pale matangani, tena kwa sauti, na maneno yakamfikia. Simu zikapungua. Mwishowe namba ikawa haipatikani kabisa. Kasyoka akabaki na picha moja kwenye simu: Mulinge amejipiga mwenyewe, amevaa sare, na begani ana beji ya kobe aliyeshika nyundo. Maandishi ya beji yamefifia, hayasomeki.

Kasyoka alisema moyoni, nikiipata beji kama hiyo mkononi, itasomwa, nitajua mtoto wangu yuko kikosi gani, na nitaulizia huko.

Basi jioni, akishakula chakula chake peke yake, alikuwa anazishikiza beji kwa uzi kwenye shuka kuukuu. Za bega la kushoto upande huu, za bega la kulia upande ule. Pweza, papa, nanga, farasi wa baharini. Alizijua vile mtu anavyojua mbuzi zake. Na kobe mwenye nyundo alimpata, tena zaidi ya mara moja. Lakini huyo alitoka bega la kushoto na alitazama kulia. Kobe wa Mulinge alikuwa bega la kulia, anatazama kushoto. Kasyoka ameshona mikono ya makoti tangu usichana, na kushoto na kulia kwake si kitu cha kuchezea. Akasema hicho ni kikosi kingine, ndugu ya kile. Akaendelea kungoja. Miaka ikapita hivyo.

Siku moja Ebla alivaa koti jipya la mtumba, akajipiga picha awatumie wateja wake. Akamwonyesha Kasyoka, akimwita mama kwa Kikamba kama alivyozoea.

"Niambie ukweli, mwaitu. Linanikaa?"

Kasyoka aliangalia, akakunja uso. "Hili si koti la mwanaume? Mbona vifungo viko upande wa kike?"

"Ah, hiyo ni simu. Ukijipiga mwenyewe hii yangu inageuza kila kitu, kama kioo."

Kasyoka aliweka wembe chini. Alitoa simu yake akafungua picha ya Mulinge, akaitazama kama mtu anayeona mgeni.

"Na hii?"

Ebla alisogea karibu. Alitafuta jina lililoshonwa juu ya mfuko. "Hata hii. Ona, jina limeanzia mwisho. Mama Mulinge, kwani ni nini?"

Kasyoka alikuwa ameshashika njia ya nyumbani, kanga inaburura vumbi, na Mutisya anamwita kwa nyuma. Alirudi na shuka yote kifuani. Kobe alikuwa pale, amekaa pale siku zote, bega la kushoto, maandishi yake safi. Ebla aliyasoma herufi kwa herufi na kuyaandika kwenye simu, hadi wakapata ukurasa wa watu waliopitia kikosi kile. Akawaandikia kwamba mama mmoja wa Kitui anamtafuta mtoto wake, akaweka picha na namba.

Jibu lilikuja baada ya Jumapili kupita. Ebla alilitafsiri polepole.

"Huyu anasema wamekaa naye meli moja. Mulinge alitoka jeshini. Ni mzima, wallahi, usishike kichwa. Ana mke, na mtoto msichana. Anasema atampa namba yako leo."

"Muulize mtoto anaitwa nani."

Kwetu Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Kasyoka hakulisema hilo, lakini Ebla ameishi nasi, anajua. Akauliza.

Wiki nzima Kasyoka alishona simu ikiwa mapajani. Wateja waliambiwa wanyamaze. Halafu ujumbe ukaja, si kwake, kwa Ebla, kutoka kwa yule yule mtu.

"Anasema Mulinge ameipata namba. Anasema asante, yuko sawa."

"Na jina la mtoto?"

"Hajasema."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mwaitu."

Kasyoka alivuta koti lingine akaanza kufumua. Beji ilikuwa ya nanga. Aliitupa kwenye jiko pamoja na zingine.

Jioni ile Ebla alifunga kibanda mapema. "Mume wangu Salat amepeleka mbuzi soko la Salama na kwangu hakuna mtu. Leo nalala kwako, na nyama napika mimi, nyinyi Wakamba mnachemsha tu."

"Na nyinyi mnaweka chumvi kama mnahifadhi ngozi."

Walikula. Ebla aliswali, akajinyoosha kitandani upande wa ukutani, na hakuchelewa kukoroma. Kasyoka alilala chali, simu kifuani. Alifikiri kwamba huko sasa bado ni mchana, pengine mtoto anacheza. Akaita, "Kasyoka," polepole asimwamshe mgeni, vile mtu anavyomwita mtoto aje ndani. Akaita tena. Kisha naye akalala.