Mkono wa Mkunga

Simu ya mapokezi ililia saa nne asubuhi, mkunga akiwa anampima mtoto kwenye mzani wa kuning'inia. Alimaliza kwanza kumpima, akaandika kilo tano na robo kwenye kadi, akamrudisha kwa mama yake, ndipo akaenda kupokea. Pale kituoni walimwita Taratibu, kwa sababu katika miaka ishirini na tisa ya kuzalisha, hilo ndilo neno alilolitumia zaidi.

Aliyepiga alikuwa binti wa marehemu mdogo wake. Binti huyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, aliyeondoka na chombo cha kwanza kwenda kujenga makazi kwenye sayari ya mbali. Taratibu ndiye aliyemlea. Sauti ilikuwa imesafiri miaka minne mpaka kufika, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuitikia. Alisikiliza tu.

"Shikamoo, mama mkubwa. Nina mimba. Mwaka wa huku ni mrefu mno, na mimba imefuata kalenda ya huku. Nitajifungua baada ya miaka minane ya huko nyumbani. Tuna daktari wa meno. Mkunga hayumo. Tumetafuta mara mbili."

Taratibu alihesabu kwa vidole. Minne ilikuwa imeishia njiani, ilibaki minne.

Kesho yake alikwenda Mamlaka ya Safari za Mbali. Afisa alimkaribisha kiti, akamfungulia faili bila kinyongo. Mkunga na kitanda chake walikuwemo kwenye orodha ya awali, lakini chombo kilipimwa mpaka gramu ya mwisho, na jiwe la msingi lilizidi uzito kwa kuwa majina ya wageni rasmi ya kuchongwa juu yake yalikuwa mengi. Ikabidi kitu kipungue. Taratibu akaomba nafasi kwenye chombo cha pili. Afisa akamwambia kitaondoka miaka minane kuanzia siku hiyo.

"Mwanangu," alisema Taratibu, "mimba haisomi ratiba."

Alirudi kituoni, akafungua dirisha la chumba cha kujifungulia, akanyoosha mkono wa kulia. Kufika adhuhuri ulikuwa umepita paa la duka la dawa. Ijumaa ukaingia mawinguni. Muuguzi mkuu, mwanamke mfupi asiyependa mambo ya kuachwa nusunusu, alibadilisha zamu ili Taratibu apewe kazi za mkono mmoja, akaziba uwazi wa dirisha kwa nailoni mvua isiingie. Majirani walianza kuanika nguo juu ya mkono ule. Taratibu hakukataa, ila blanketi zilizolowa aliwaomba wapeleke kwingine.

Ulipovuka hewa, baridi ilimshika mpaka meno yakagongana. Kina mama waliokuja kliniki wakafuma mkono wa sweta, kila mmoja akiunga alipoishia mwenzake, wakawa wanausukuma juu kupitia dirishani. Vumbi la angani nalo lilimrukia kama mafuta ya kikaangio. Hayo aliyavumilia. Kilichomsumbua ni kwamba kadiri vidole vilivyokwenda mbali, ndivyo habari zake zilivyochelewa. Kijiwe kilichomgonga leo alikuja kukisikia wiki ijayo, kisha mwezi ujao, kisha mwaka ujao.

Muuguzi mkuu alimuuliza atazalishaje bila kujua anachokishika.

"Mkono huu umezalisha watoto elfu nne," Taratibu alimjibu. "Ukisubiri uniulize mimi, mtoto atakufa. Nimeshaufundisha. Ufanye."

Siku aliyoihesabu ilifika. Alisimama dirishani tangu asubuhi mpaka jioni, hakusikia kitu, wala hakutarajia kusikia. Kulikuwa na miaka mingine minne ya kungoja. Katikati yake alifikisha umri wa kustaafu. Wakampa cheti, wakampigia makofi, na kwa kuwa hakuweza kuondoka dirishani, wakamwekea kitanda hapohapo. Aliwafundisha wanafunzi wa ukunga kwa mdomo, na aliyeharakisha alikiona cha moto.

Kisha Jumatano moja, akiwa anakunywa chai, vidole vikashika tumbo.

Aliweka kikombe chini. Mtoto alikuwa amekingama. Alisikia kiganja kikitulia, kikipima, kikianza kumgeuza kidogo kidogo. Jasho lilimtoka. Alitamani kuamuru, lakini lililotendeka lilikuwa limeshatendeka miaka minne nyuma; akang'ata kanga yake. Kichwa kikaja. Kamba ya kitovu ilikuwa imezunguka shingo mara moja, na kidole cha shahada kikapita chini yake, kikaitoa. Kisha ukaja utelezi, joto na teke. Mwishowe kiganja kingine kikamkamata vidole, chenye kovu la moto wa kuchomelea ambalo aliwahi kulifunga bendeji mwenyewe. Kilimshika kwa nguvu, hakikumwachia.

"Amejifungua," Taratibu alisema, machozi yakimtiririka.

Muuguzi mkuu alifungua daftari la vizazi, akaandika tarehe ya miaka minne iliyopita. Akauliza jinsi ya mtoto. Taratibu akamwambia asubiri, mkono ulikuwa bado haujafika huko.

Wiki iliyofuata afisa wa Mamlaka alikuja mwenyewe kutoa pongezi. Chombo cha pili kilikuwa kinaondoka Alhamisi na watu mia mbili, pamoja na jiwe jipya la kuwekwa ubavuni mwa lile la kwanza. Taratibu aliomba orodha, akavaa miwani, akaisoma mara mbili.

"Mkunga yuko wapi?"

"Mama, kule tayari kuna mkono," afisa alisema kwa heshima. "Mamlaka imeona unatosha."

Taratibu alimweleza kwamba mkono mmoja haupokei watoto wawili kwa wakati mmoja. Afisa aliyaandika maneno hayo yote, akashukuru, akaondoka. Alhamisi chombo kikaruka. Waliokuwa uani walikiona kikipanda sambamba na mkono, wakakipungia, kisha wakaendelea kuanua nguo zao.

Taratibu hakutazama. Huko mbali, mtu alikuwa amemshika kifundo cha mkono na kumwongoza hadi kitanda kingine. Lilikuwa tumbo asilolijua, gumu, na uchungu umeshakaribia. Alivuta kiti, akaegemeza bega dirishani, akamwambia muuguzi mkuu akatafute daftari jipya, na liwe kubwa.