Taa za Upande wa Zamani

Taa ya gari langu ilivunjwa na shelisheli. Ndiyo, shelisheli, lilidondoka kutoka mtini likatua juu ya taa ya kulia, na ile ya kushoto ilikuwa imeshageuka manjano kwa uzee. Gari lenyewe dogo, alinitumia dada yangu kwa meli kutoka Pago Pago, ambako usukani uko kushoto na watu huendesha kulia. Wakati ule hata sisi huku Samoa tulikuwa tunaendesha kulia. Kisha serikali ikageuza barabara, tukaamka asubuhi moja wote tunapita kushoto, na usukani wangu ukabaki palepale ulipokuwa.

Mwaka wa pili tangu mageuzi hayo nikaenda Salelologa kwa Talosaga, anayeuza vipuri vya magari mabovu. Alikuwa na jozi mbili za taa.

"Hizi zimetoka kwenye gari la Niu Zilandi, hizi la Pago Pago," alisema. "Chukua za Niu Zilandi, Pelenato."

"Usukani wangu uko wapi?"

"Kushoto."

"Na wa gari la Niu Zilandi?"

"Kulia. Lakini taa hazifuati usukani, kaka, zinafuata barabara. Hizi za Pago Pago zinamulika juu zaidi upande wa kulia. Zamani kulia kwako kulikuwa na majani. Siku hizi kuna macho ya watu."

"Talosaga we! Tangu lini muuza vyuma chakavu akawa mwalimu?"

Wateja wakaangua kicheko. Mimi ni shemasi, nimezoea neno la mwisho liwe langu, na siku ile nililipata. Nikabeba za Pago Pago. Nyumbani zikaingia sawasawa, skrubu zote, nikazifuta kwa kitambaa kama mtoto aliyeogeshwa. Tangu siku hiyo, kila nilipokutana na gari jioni, dereva alinipigia taa. Nilidhani wananisalimia. Nikawa nawapungia mkono.

Ilikuwa Alhamisi ya Oktoba, watoto wanajiandaa kwa Jumapili yao, ile wanayovaa nyeupe na kukariri mistari kanisani. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Alapati, kijana wa kijiji cha jirani, alikuwa akiwarudisha kutoka mazoezini kwa pikapu. Tulikutana kwenye kona. Akanipigia taa, nami nikampungia. Kisha nikasikia pikapu ikigonga ukuta wa mawe nyuma yangu.

Etevise, mmoja wa watoto waliokuwa nyuma ya pikapu, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilimwokota mimi mwenyewe, nikampakia kwenye gari langu, na alikata roho kabla hatujafika hospitali. Huko nyuma, niliambiwa baadaye, Alapati alikuwa ameketi chini anarudia neno moja kwa kila aliyemkaribia: "Sikuona. Sikuona." Watu wakamwambia anyamaze, mwendo wake wanaujua. Polisi wakamchukua.

Kesho yake jioni nilisimamisha gari mbele ya ukuta wa jiko, nikawasha taa. Kushoto mwanga ulilala chini. Kulia ulipanda, ukapanda, hadi usawa wa uso wa mtu. Nikazima. Mke wangu akaniuliza nina nini, nikamwambia naumwa tumbo. Mungu anisamehe, siku tatu nilikula, nikasali, nikaenda hadi mazishini, na mdomo wangu haukufunguka.

Siku ya nne alfajiri, Kirisome, baba yake Alapati, alileta ukoo wake kuomba msamaha kwa desturi yetu. Walipiga magoti kwenye kokoto mbele ya nyumba ya Fuatino, mama wa marehemu, wakajifunika mikeka laini ya heshima, wakangoja. Aliyefiwa anaweza kuwafunua, na huko ndiko kusamehe. Anaweza pia kuwaacha hadi jua liwachome, au kuwapiga mawe. Nilisimama barabarani pamoja na watazamaji. Kirisome ana goti bovu, nilimwona anavyotetemeka. Nilishindwa. Nikaenda, nikainua ukingo wa mkeka, nikapiga magoti pembeni yake.

"Pelenato?" alinong'ona. "Wewe si wa ukoo wetu."

Akanishika mkono, akaubana.

"Asante, kaka. Hakuna mwingine wa nje aliyekuja."

Jua lilikuwa limeshatupata migongoni Fuatino alipotoka. Nilisikia kokoto zikikanyagwa, kisha mkeka ukainuliwa na mwanga ukaniingia machoni.

"Inukeni," alisema, sauti imekauka. "Ingieni ndani. Kijana wenu naye ni mtoto." Kisha akaniona. "Na wewe, Pelenato? Wewe si ndiye uliyemwokota mwanangu? Umefuata nini huku chini?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari za taa, nilivyomcheka Talosaga mbele ya watu, nilivyokuwa napunga mkono. "Alapati anasema kweli, mama. Hakuona. Ni mimi niliyempofusha, na siku tatu hizi nilijua."

Kirisome aliuachia mkono wangu. Jamaa zake wakamnyanyua, wakaingia ndani mmoja mmoja, hakuna aliyegeuka kunitazama. Fuatino alibaki amesimama mbele yangu, ukingo wa mkeka ungali mkononi mwake. Nikangoja anipige. Afadhali angenipiga. Alinifunika tena kichwa, taratibu, na nikasikia nyayo zake zikirudi ndani.