Shakwe wa Clem Trewin

Jumanne moja ya Februari, saa nne asubuhi, daktari wa klabu alimuuliza Clem Trewin jina la binti yake, na Clem akajibu kwamba halijui. Daktari akaandika: hajui. Akamwonyesha picha ya mbwa, Clem akasema ni kiti. Alipoambiwa ataje miezi kwa kurudi nyuma, aliishia Novemba, akaomba maji ya kunywa. Halafu akavaa viatu vyake na kwenda mazoezini akipiga mluzi.

Alikuwa anajua yote. Binti yake aliitwa Tamsin, ana miaka mitano, na asubuhi ile ile alikuwa amemfunga kamba za viatu. Lakini hapa Melbourne hakuna mchezaji wa futiboli ya Kiaustralia asiyejua mtihani wa Februari unavyofanywa. Majibu yako yanawekwa kwenye faili. Ukigongwa kichwa katikati ya msimu unaulizwa maswali yale yale, na majibu yakilingana unarudishwa uwanjani. Mjuaji wa Februari ndiye anayekaa benchi Julai. Clem alifundishwa hayo na Merv Dooley, mkandaji wa klabu kwa miaka thelathini, wiki ile ile alipofika kutoka mashamba ya ngano ya Mallee akiwa na miaka kumi na minane. "Mdogo wangu," Merv alimwambia huku akimkanda mapaja, "mtihani huu ukifaulu, umefeli." Chumba kizima kilicheka.

Clem hakuwa na mbio za kutisha. Kazi yake ilikuwa kuruka. Katika mchezo wetu, anayeudaka mpira uliopigwa kabla haujagusa chini anapewa nafasi ya kuupiga bila kusumbuliwa, na hakuna sheria inayomkataza kukanyaga mabega ya mpinzani ili aufikie. Msimu wa kwanza Clem aliruka kama wengine. Msimu wa tatu alianza kuchelewa kushuka. Alipanda mgongo wa beki, akaudaka mpira, akabaki huko juu muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai, huku mwamuzi akimsubiri chini. Kamati ya sheria ilikaa kikao, ikaona hakuna kifungu kinachosema mtu ashuke lini, ikafunga kikao.

Sisi wa jukwaa la magharibi tulimtazama. Mafundi bomba na walimu wa shule, watu wazima wenye mikopo ya nyumba, tulisimama na pai zetu za nyama mkononi, zikipoa. Nilimpenda mtu yule. Akiwa juu niliona kwamba hata mimi sikuumbwa kwa ajili ya kulipa bili tu.

Tatizo lilikuwa kushuka. Alishuka kwa kichwa, kama gunia la ngano linalotupwa kutoka kwenye lori, na kila alipoanguka kuna kitu kilibaki huko alikotoka. Shakwe wa uwanjani, ndege weupe wa pwani ambao huja robo ya tatu ya mchezo kugombea chipsi, walikichukua.

Aliyegundua ni mkewe, Nerida. Jumatatu moja alirudi uwanjani kutafuta skafu aliyoisahau, akamrushia shakwe mmoja kipande cha chipsi. Shakwe akameza, kisha akasema kwa sauti ya Clem: "Kata kushoto kwenye ghala la ngano, nyumba ya tatu." Ndiyo njia ya kwenda kwa mama yake Clem, na Jumapili ile Clem alikuwa ameshindwa kuikumbuka. Nerida alitoa kalamu akaandika. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumatatu na mfuko wa chipsi. Akapata jina la mbwa wao wa kwanza, wimbo waliochezea siku ya harusi, na namna ya kuwasha jiko la kambini penye upepo. Jioni alimsomea mumewe daftari lile. Clem alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayepewa habari za majirani. Kilichotoka hakikurudi kwa kusomewa.

Julai alianguka vibaya kuliko siku zote. Alirudi nyumbani, akamkuta mtoto mezani anakula mkate, akamuuliza Nerida polepole mtoto yule ni wa nani.

Jumatatu Nerida alimaliza mifuko mitatu ya chipsi. Shakwe wote walishuka, isipokuwa mmoja mwenye mguu mmoja, aliyekaa kwenye ncha ya nguzo ya goli akitazama upande mwingine. Nerida akajua ni huyo aliyemchukua Tamsin. Akaenda moja kwa moja kwa daktari, na Merv akiwa mlangoni na taulo zake akasikia yote.

"Mama," daktari alisema, akifungua faili, "Februari hakujua jina la mtoto. Julai hajui jina la mtoto. Hakuna kilichobadilika."

"Februari alikuwa anakudanganya."

"Huenda. Lakini hapa pameandikwa hajui." Akampa Clem ruhusa ya kucheza Jumamosi.

Jumatatu iliyofuata Merv alikuja na chipsi zake mwenyewe, akaketi karibu na Nerida. Akasema yeye ndiye aliyemfundisha Clem kudanganya. Nerida akasema anajua, akamsogezea nafasi. Wakarusha chipsi mpaka zikaisha, na yule wa nguzoni hakugeuka.

Nerida alimsihi mumewe aache. Zilibaki mechi tatu atimize mia mbili, ambapo jina la mchezaji huchorwa kwenye mlango wa kabati lake la chumba cha kubadilishia nguo. Clem alimjibu bila ukali kwamba huko juu ndiko mahali pekee anapojijua bado. Nerida alilia, kisha akafuta uso.

"Basi ukifika juu," alisema, "niletee yule wa mguu mmoja."

Siku ya mechi ya mia mbili, akina mama wa kikundi cha mashabiki walisimamisha bango lao la karatasi, refu kama nyumba ya ghorofa, na Clem akalipasua kuingia uwanjani akiwa amembeba Tamsin, kama desturi ilivyo kwa wenye watoto. Alimshika kwa uangalifu sana, kama mtu aliyeazimwa kitu cha thamani.

Zikiwa zimebaki sekunde ishirini, tukiwa nyuma kwa pointi nne, mpira ulipigwa kutoka pembeni. Clem akaweka goti kwenye bega la beki wao, akapanda. Akaudaka. Akaendelea kupanda. Alipita ncha ya nguzo, akapita taa, na shakwe wote wakanyanyuka kumzunguka. King'ora cha mwisho kililia, lakini mpira ulikuwa umedakwa kabla yake, na sheria inampa mdakaji haki ya kupiga. Kwa hiyo tulisubiri. Watu elfu themanini walitazama juu, na nikasikia mbawa. Beki wao alibaki ameinama, asije akamharibia. Dakika arobaini hakuna aliyeondoka, na sijaona tena kitu kizuri namna ile maishani mwangu.

Alishuka kwa miguu, kwa mara ya kwanza. Mkono mmoja ulikuwa na mpira, begani alikuwa na shakwe wa mguu mmoja. Alipiga, mwamuzi wa goli akapunga bendera zake mbili, ishara ya goli la pointi sita, wenzake wakambeba mabegani mpaka kwenye uzio, ambako Nerida alisimama na mtoto.

"Tamsin," Clem alisema, na uso wake wote ukafunguka.

"Abee, Baba," mtoto akaitikia.

Clem alikuwa anamtazama ndege. "Siyo wewe, mtoto mzuri," alimwambia kwa upole. "Naongea na huyu."

Sasa wanaishi Mallee, nyumba ya tatu kushoto kwa ghala. Ndege analala jikoni. Tamsin ndiye anayemlisha, na baba yake anapomwita ndege, huitika wote wawili.

Jina la Clem limechorwa kwenye kabati namba thelathini na moja. Februari hii jezi ya namba hiyo amepewa mchezaji mpya, mrukaji mzuri, wanasema. Daktari alimuuliza jina la mama yake. Merv alikuwa mlangoni na taulo, akatazama viatu vyake. Mchezaji akatabasamu, akasema halijui, na juu ya paa shakwe wakasogea kidogo kumpisha mwenzao mpya. Daktari akaandika: hajui.