Trekta la Kichuguuni

Trekta la Puok lilikuwa na sharti moja tu, na kila mtu kule nyuma ya mtaa wa New Site alilijua: halizimwi mahali popote isipokuwa juu ya kichuguu. Stata yake, mota ya kuwashia, ilikufa kabla hajalinunua, na hata ungeleta stata mpya, meno ya injini inayoyauma yalikuwa yamelika hadi yakawa laini kama ukingo wa sufuria. Basi Puok alikisawazisha kichuguu kikubwa mbele ya nyumba yake, akakitengenezea mteremko, na kila jioni alilipandisha trekta juu, akaweka mawe mbele ya magurudumu, ndipo akazima. Asubuhi aliondoa mawe, trekta likateremka lenyewe, naye akaachia klachi katikati ya mteremko. Injini ikaamka ikikohoa moshi mweusi. Pengine pote hapo ni tambarare, jamani. Ukizimia chini umekwisha.

Nyuma ya nyumba lilikuwepo trekta la pili, lakini hilo usiliite trekta. Lilikuwa ghala la vipuri. Pampu ya maji ilitoka huko, redieta ilitoka huko, hata kiti alichokalia Puok kilitoka huko. Kazi hiyo alijifunza Kenya, kwenye shamba la mahindi karibu na Kitale, miaka ya ukimbizi, na aliporudi nyumbani alirudi na ubishi wa kukataa kutupa chuma. Mkewe, Nyagai, alisema kuna siku atamkuta mumewe anajifunga bolti mwenyewe.

Sasa sikia jambo lililowakosesha usingizi. Sultani Makur, chifu wa eneo hilo, alikuwa amewapa fedani nne, kama ekari nne hivi, za udongo mweusi, kwa neno moja: ardhi ikikaa misimu miwili bila kulimwa, inarudi kwake na anapewa mwingine. Msimu wa kwanza ulipita trekta likiwa limelazwa vipande vipande juu ya turubai. Bustani ya Nyagai ilikuwepo, ndiyo, sukuma wiki na bamia na majani ya kudhra, mlenda wa huko, yaliyonyweshwa kwa madumu, na yaliuzwa vizuri kwenye vibanda vya barabarani. Lakini bustani ya ubavuni mwa nyumba haihesabiwi kuwa shamba. Jumamosi asubuhi Sultani angekuja na karani wake kuzikagua fedani zote nne. Na kule kambini Mangateen mama yake Nyagai, Mama Nyabol, alikuwa anaishi mwaka wa tisa chini ya turubai pamoja na wajukuu watatu, akingoja shamba hilo lishike ili ahame. Udongo huo ukikauka haulimiki, na mvua iligoma kunyesha mpaka Jumatano. Alhamisi udongo ulikuwa tope tupu. Kwa hiyo siku ilikuwa moja, Ijumaa, na kipande cha Jumamosi.

Ijumaa trekta liliwaka kwa jaribio la kwanza. Puok alilima tangu alfajiri, plau ikigeuza madonge makubwa yanayong'aa, na kufika saa sita nusu ya shamba ilikuwa imepinduka. Alikuwa anaimba. Ndipo akamwona Mama Nyabol anakuja moja kwa moja katikati ya shamba, kitambaa kichwani, amebeba kikapu, amekuja kujionea mwenyewe.

Nawaeleza wasiojua. Kwao Puok, mwanamume na mama wa mkewe huheshimiana kwa kupishana. Hali chakula mbele yake. Hamkodolei macho. Hasemi naye ila kwa kupitia mtu mwingine. Na kukaa juu ya kitu huku yeye amesimama chini, hilo ndilo tusi lenyewe. Puok amekulia Kenya, anajua Sheng kuliko nyimbo za ng'ombe, lakini heshima hiyo ilikuwa imeingia mwilini. Mkono ulitangulia akili. Akavuta waya wa kuzimia injini, akaruka chini, akasimama kando ya gurudumu ameinamisha kichwa.

Kimya.

Ni kile kimya kilichomzindua. Aligeuka akalitazama trekta, akakitazama kichuguu kule mbali, mita mia tatu za tope.

"Buda, umezima?" Levi alikuwa wa kwanza kufika. Ni Mkenya mwenye tanuri la mikate pale barabarani, mtu wa kelele nyingi na roho nzuri. "Umezima hapa? Hapa kabisa?"

"Nimemwona mama," Puok alisema.

"Mama gani?"

Nyagai alikuja anakimbia, mikono imejaa udongo wa bustani. Alipoelewa, hakupunguza sauti kwa sababu ya mama yake aliyesimama hapo. "Adabu!" alisema. "Kesho Sultani anakuja, nawe unaleta adabu! Tutapanda adabu humu? Watoto watakula adabu?"

Puok aliona aibu ile inayochoma masikio. Alitaka kumlaumu mama mkwe kwa kupita katikati ya shamba kama mtu asiye na njia, kisha akaona aibu ya pili kwa kuwaza hivyo. Mama Nyabol mwenyewe aliweka kikapu chini. Alikuwa ameyasikia yote.

Gari la kuvuta lisingeingia. Lori la maji lililojaribu kukatiza hapo mwaka uliopita lilikaa siku nne limezama hadi ekseli. Puok alijikaza. Aliweka kiganja juu ya injini akaivumilia.

"Bado ina moto," alisema. "Ikipoa haiwaki kwa nguvu za mikono. Levi, una kamba?"

"Ya kuvutia gari iko."

"Ilete. Na watu walete, kila mwenye mikono."

Alikuwa ameiona mbinu hiyo Kitale mara moja tu. Unaliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, unalizungushia kamba mara kadhaa, unaweka gia kubwa, unakanyaga klachi. Watu wanaivuta kamba kwa kukimbia, gurudumu linazunguka hewani, na likishapata kasi klachi inaachiwa ili gurudumu liizungushe injini. Ikiwaka tu, klachi inakanyagwa tena upesi. Chini ya jeki aliweka rimu ya lile trekta la vipuri isizame. Plau iliyokuwa ardhini ingelishika trekta lisitoroke.

Walipatikana watu tisa: Levi na wapishi wake wawili wa mikate, majirani wanne wanawake, Nyagai na Puok. Puok alisubiri Mama Nyabol ageukie kando, akakaa kitini, wanane wakavuta. Gurudumu likazunguka nusu, likagoma. Mtu mkubwa kuliko wote hapo alikuwa yeye mwenyewe, na yeye alikuwa amekaa. Ilibidi avute, na asiyeweza kuvuta akae kwenye klachi.

Wote walimtazama mtu mmoja. Bega la Mama Nyabol lilivunjika zamani likaunga vibaya, lakini miguu yake ilikuwa imemtoa Mangateen hadi hapo, na tope lote hilo. Alipanda bila kuambiwa. Alikunja gauni, akakaa kwenye kile kiti cha chuma kama mtu aliyeitwa kanisani kusoma somo.

"Nyagai," Puok alisema, macho chini, "mwambie mama huo mguu wa kushoto akanyage mpaka mwisho. Nikisema aachie, aachie. Ikiwaka akanyage tena."

"Mama, anasema mguu wa kushoto," Nyagai alianza, na yote yakarudiwa ingawa mama alikuwa hatua mbili kutoka mdomoni mwa Puok na si kiziwi.

Wakavuta. Gurudumu likashika kasi. "Mwambie aachie!" Puok akapiga kelele.

"Mama, anasema uachie!"

Akaachia. Lakini wakati neno linapita kwa Nyagai, gurudumu lilikuwa limeshachoka. Injini ikapiga chafya moja, basi.

Wakazungusha kamba upya. Mara ya pili Nyagai aliwahi, injini ikawaka, ikanguruma kweli, wanawake wakapiga vigelegele. "Akanyage! Mwambie akanyage!" Vigelegele vikaimeza sauti ya Nyagai. Mama hakusikia. Gurudumu likazunguka na kamba ikachapa hewani nusura imtoe Levi jicho, trekta likatikisika, likaanguka kutoka kwenye jeki kwa kishindo, plau ikalikaba, likazima.

Wengine walikaa chini pale pale kwenye tope. Mmoja wa majirani alisema kalas, yamekwisha, arudi akapike. Levi alishika jicho lake na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Puok alipiga magoti mbele ya jeki iliyopinda, akaanza kuinyoosha kwa jiwe. Injini ilikuwa inapoa. Aliisikia ikilia tik, tik.

"Wewe."

Puok alidhani Levi ndiye anayeitwa.

"Wewe mume wa mwanangu. Inua uso, unitazame."

Aliinua. Miaka tisa ya ndoa, na hakuwahi kujua kwamba macho ya mama huyo yalikuwa na rangi ile ile ya macho ya Nyagai.

"Sema na mimi mwenyewe," Mama Nyabol alisema. "Wajukuu wangu wanalala kwenye maji kila mvua. Heshima yako nimeiona, nimeshiba. Sasa nifundishe hiki chuma."

Puok alisimama. Aliliinua gurudumu tena kwa jeki ile, kamba ikazungushwa upya. Aliushika mguu wa mama mkwe kwa mikono yake mwenyewe, mbele za watu, akauweka sawa juu ya klachi, na Nyagai akageuza uso pembeni maana hakujua acheke au alie.

"Mama," Puok alisema, "usiangalie gurudumu. Niangalie mimi. Nikifungua mdomo tu, mguu utoke."

"Yala, haya, vuteni," mama alisema.

Wakavuta kwa kufa kupona, tope likiruka hadi vichwani. "Achia!" Akaachia. Injini ikakohoa, ikashika. "Kanyaga!" Na mguu ule mwembamba ulikuwa umeshakanyaga kabla neno halijaisha. Trekta lilisimama juu ya jeki linanguruma, na Mama Nyabol amekaa kitini ameng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, anacheka kwa sauti ambayo hata binti yake hakuwahi kuisikia.

Puok alipanda akatoa gia, jeki ikashushwa, akalima hadi giza, akalipandisha trekta kichuguuni, akalala hatua tano kutoka hapo, na alfajiri akateremka nalo tena.

Sultani Makur alifika saa tatu na karani na wazee wawili. Ilikuwa imebaki mistari minne. Sultani alisimama ukingoni mwa shamba, akainua fimbo yake kumsalimu mwenye shamba, kama inavyotakiwa, akangoja mwenye shamba ashuke. Puok alimwona. Mwili wote ulitaka kuvuta ule waya. Aliinua mkono mmoja juu, akainamisha kichwa, na trekta likampita Sultani likiwa linaenda.

Maneno yaliyofuata alisimuliwa na Levi.

"Mkwe wako amenipita kama mti," Sultani alimwambia Mama Nyabol. "Hana adabu?"

"Anayo," mama alijibu. "Jana alinipa mimi adabu yake yote, nusura tupoteze shamba. Leo mimi ndiye niliyemkataza asimshukie mtu yeyote. Ukitaka kukasirika, Sultani, kasirika na mimi, hapa niko."

Wazee walitazama viatu vyao. Sultani akaingia shambani kwa miguu, akachota donge la udongo, akalivunja, akatembea mpaka mwisho wa fedani ya nne na kurudi. Suruali yake ya kitambaa ilikuwa tope hadi magotini.

"Andika," alimwambia karani. "Limelimwa."

Puok hakusikia neno, ila aliuona mkono wa karani unaandika. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa kuwa mstari ulikuwa unaenda kombo. Aligeuza trekta mwisho wa shamba, akarudi upande wa watu, na hapo Mama Nyabol akatoka mbele ya Sultani na wazee wote, akaweka mikono mdomoni.

"Puok! Kesho nahama! Nakuja na watoto!"

"Njoo, mama!" Puok alimjibu kwa sauti yake yote kutoka juu ya kiti, huku trekta likiendelea kulima.