Fimbo ya Mlango wa Nyuma

Fundi alikuwa chini ya kigari tangu asubuhi, na kila alipochungulia nje alikuja na ugonjwa mpya. Bushi za mbele zimekwisha. Shokomzoba moja inavuja. Rejeta imeliwa na kutu. Koili moja inakata moto, na raba inayoshikilia injini imepasuka, ndiyo maana kigari kikisimama kwenye taa hutetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa.

"Umemaliza, au unatafuta na mimba?" Bwana Lawama aliuliza.

Jina hilo alipewa na mtaa, naye hakulikataa. Alilaumu maji yakikatika, alilaumu yakirudi. Kigari kilikuwa cha marehemu mkewe: kidogo, milango minne ya abiria na wa tano nyuma, unaofunguka kwenda juu. Miaka kumi na tisa kilikuwa barabarani. Siku hizi kilikuwa na kazi moja kubwa, kumpeleka shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu, hospitali kusafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa. Figo za shemeji zilikuwa zimegoma, na miguu yake nayo ikazifuata. Cheti cha ukaguzi kilikuwa kinaisha Alhamisi ya wiki iliyofuata. Bila cheti, askari wa kizuizi cha kwanza tu wangekivuta kigari.

"Laki sita na nusu, pamoja na ufundi," fundi alisema.

"Nikikiuza sipati laki nane! Wanaoingiza vipuri ni wezi, wanaowapa vibali ni wezi, na wewe ni mpwa wao."

Lakini alilipa. Aliuza friji. Wiki nzima fundi alifunga na kufungua, na kigari kikaacha kukohoa.

"Bado kitu kidogo, mzee. Zile fimbo mbili za gesi zinazobeba mlango wa nyuma zimekufa. Elfu thelathini tu. Ukiufungua, unakaa juu kidogo halafu unashuka kama panga."

"Huo mlango una fimbo yake."

Ilikuwa kipande cha mpini wa ufagio. Mkewe alikikata kwa kipimo, akakifunga kitambaa nchani kisikwaruze rangi. "Aliyeikata alikuwa na akili kuliko wewe na kiwanda kizima," Lawama alisema, na fundi akarudi kwenye spana zake, maana marehemu hajibiwi.

Alhamisi walipanga foleni uwanja wa ukaguzi. Shemeji hakukubali kubaki nyumbani.

"Nakujua," alisema. "Ukiona mtu na muhuri unapandwa na mashetani. Leo ufunge mdomo, shemeji. Mdomo wako hauna breki."

"Wenye mihuri ndio walioniulia mke. Nilipiga simu saa mbili nzima, eti gari la wagonjwa halina mafuta. Mafuta ya mkubwa wao yalikuwepo!"

Shemeji aligeukia dirisha. Hadithi hiyo alikuwa ameisikia miaka mitatu, na siku zote aligeukia dirisha.

Mkaguzi alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na kalamu sikioni. Alimshusha shemeji akamketisha kwenye benchi, akashuka shimoni, akagonga huku na huko kwa nyundo, akapanda. Akakanyaga breki, akawasha taa, akasikiliza injini. Lawama alimfuata unyounyo.

"Hiyo bushi ni mpya. Na hiyo. Andika! Msije mkasema..."

"Mzee, rudi nyuma ya mstari wa njano. Sihitaji msaidizi."

"Mimi ndiye mwenye gari."

"Na mimi ndiye mkaguzi. Nyuma ya mstari, na usinifundishe kazi."

Lawama alirudi. Masikio yalimwaka. Mkaguzi aliandika, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Nimeona magari mapya mabovu kuliko hili," alisema, nusu kwake mwenyewe. "Bado tairi la akiba na jeki, nigonge muhuri."

Akaenda nyuma. Akaufungua mlango, ukapanda juu vizuri kabisa, ukatulia. Fimbo ilikuwa imelala pembeni ya tairi la akiba, kitambaa chake kikionekana. Mkaguzi akainama, akaingiza kichwa.

Kila aliyewahi kupakia kitu mle alijua: ukihesabu hadi nne, unashuka. Lawama alikuwa amewapigia kelele hata wauza mkaa: shika fimbo kwanza! Neno lilimfika kooni. Akatazama mstari wa njano chini ya viatu vyake. Si kasema hahitaji msaidizi? Amri ni amri.

Moja. Mbili. Kwenye benchi, shemeji alianza kuinuka. Tatu.

"Kichwa!" shemeji alipiga kelele, akiwa amechelewa.

Mlango ulimshukia mkaguzi kisogoni, akaangukia jeki. Alipotoka alikuwa na damu kwenye kola. Hakutukana. Alimtazama Lawama pale nyuma ya mstari, mikono mgongoni, na Lawama hakuwahi kukifuta kicheko usoni.

"Ulijua," mkaguzi alisema.

Akaandika. Mlango wa nyuma ni hatari kwa maisha. Gari lisitembee. Ukaguzi mwingine baada ya siku thelathini.

Ijumaa asubuhi walitoka kwa miguu kutafuta gari la kukodi barabara kuu. Shemeji aliegemea ile fimbo. Ilikuwa fupi kwake, akatembea amepinda kama aliyedondosha sindano, akisimama kila hatua kumi.

"Unaona?" Lawama alisema. "Serikali hii inamtembeza mgonjwa ili..."

"Funga mdomo." Hakupandisha sauti. "Siku ile mdogo wangu anakata roho, hiki kigari kilikuwa wapi?"

Lawama aligeukia barabara.

"Kilikuwa uani. Stata imekufa, wiki ya tatu. Fundi alikwambia elfu sabini, ukasema ni mwizi, utamkomoa. Miaka mitatu nakusikiliza ukihesabu mafuta ya wakubwa, nami nakustahi. Jana nimekuona ukihesabu hadi nne."

Gari la kukodi likapita bila kusimama. Lawama alitafuta wa kumlaumu, dereva, barabara, jua, na mdomo ukabaki wazi mtupu.

"Inua mkono," shemeji alisema. "Hilo la pili lisitupite."

Akauinua.