Kamati ya Kitabu cha Majibu

Tangu apate nafasi chuoni, nyumbani hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Alikuwa Injinia. Mpini wa sufuria uking'oka, dada yake, aliyemkaribisha kuishi kwake, humwita: "Injinia, hebu tazama hapa." Naye huutazama weee, kisha husema mambo ya nyufa ni ya muhula ujao.

Somo lake lilikuwa sayansi ya vifaa: kwa nini chuma hupinda na kigae huvunjika. Maswali yake yalikuwa magumu kama mfupa. Basi darasa lilishangilia siku kilipopatikana kitabu cha majibu, ambamo kila swali limekokotolewa hatua kwa hatua mpaka mwisho. Kilikuwa kimoja tu, kurasa zimelegea kama meno ya bibi kizee.

Penye kimoja na wengi, hapakosi uongozi. Ikaundwa Kamati ya Matumizi Bora ya Kitabu cha Majibu, yenye mwenyekiti, makamu, katibu na mlezi wa jalada. Mwenyekiti alikuwa kijana mwenye sauti ya mnadani, ambaye hata chumvi aliiomba kwa kuanza na "ndugu wajumbe." Vikao vilifanyika maktaba, mpaka mkutubi alipowafukuza, wakahamia koridoni. Wakajadili: je, mtu anakili kwa kalamu au kwa penseli? Je, inatosha kugeuza "hivyo basi" kuwa "kwa hiyo," ili Mwalimu asishtuke? Hoja hiyo ya pili iliahirishwa, kwa uzito wake.

Mazoezi yakaanza kurudi na alama zilizonona. Injinia akavimba kichwa.

"Kwa hiyo sasa umeelewa?" dada yake alimuuliza.

"Nimepata yote."

"Sikukuuliza hilo, mdogo wangu."

Mambo yalimharibikia siku alipokimwagia kitabu chai. Akafikishwa mbele ya kamati.

"Ndugu mtuhumiwa," alisema Mwenyekiti, "una lolote la kujitetea?"

"Kikombe kilikuwa na ufa."

"Na wewe, mtaalamu wa vifaa, hukuuona?"

Wajumbe walicheka hadi wakashika mbavu. Injinia akafungiwa: haruhusiwi kukigusa kitabu mpaka sura iliyofuata iishe.

Sura hiyo ilihusu jinsi kaboni inavyopenya ndani ya chuma kwenye tanuri, ili ngozi ya gia iwe ngumu. Injinia alikaa mezani jikoni, peke yake na swali. Kaboni imepenya kina fulani kwa saa kumi. Kupenya mara mbili ya kina hicho, zitahitajika saa ngapi? Alichora, akafuta, akauma penseli, akamfokea paka. Mwishowe akaandika: ishirini. Alijiona mwanamume.

Adhabu ilipokwisha, alikimbilia kitabu. Jibu lilikuwa arobaini.

Zamani angeinakili hiyo arobaini na kwenda zake. Lakini ishirini yake alikuwa ameitolea jasho. "Arobaini kwa misingi gani?" alifoka. Akachukua sinia ya dada yake, akaufunika ukurasa, akaishusha kidogo, uonekane mstari mmoja tu. Akausoma, akafunga kitabu, akajaribu mwenyewe. Akakwama. Akafungua mstari wa pili, akafunga tena. Polepole ikamwingia akilini: kaboni haiendi moja kwa moja. Hupigwa vikumbo huku na huko kama mtu aliyeingia sokoni, ndiyo maana kina kikizidi mara mbili, muda huzidi mara nne.

Kuanzia hapo, kila swali alilianza mwenyewe, na kitabu alikifungua alipokwama tu. Mwenyekiti akalalamika kikaoni: "Mwenzetu anakirudisha kabla ya zamu yake kuisha. Anatuvurugia ratiba."

Siku ya mtihani, Mwalimu wao, mama mmoja mwembamba mwenye miwani, aliingia na maboksi. "Kitabu chenu cha majibu nakijua siku nyingi," alisema. "Nimewatolea nakala, kila mtu na yake. Kitumieni."

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Kisha wakafunua karatasi. Kila swali lilikuwa limeshajibiwa, tena vibaya. Waliagizwa waonyeshe kosa lilipo, waeleze kwa nini ni kosa, kisha wakokotoe upya.

Mwenyekiti alinyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Maelezo ya makosa yapo ukurasa wa ngapi?"

"Ni huo mtupu ulio mbele yako."

Matokeo yalipotoka, wengi walikuwa wameanguka puu. Injinia alifaulu, si kwa kishindo, ila alifaulu. Kamati ikakutana kwa dharura na kuazimia kwamba kitabu kile ni kibovu, kwa kuwa kina majibu sahihi peke yake. Katibu akaagizwa atafute kitabu cha majibu yasiyo sahihi.

Injinia aliwaacha kwenye "mengineyo," akaenda ofisini kwa Mwalimu na karatasi yake.

"Hili la waya limenishinda kuona nilipokosea."

Mwalimu alisoma, akaweka kidole. "Hapa. Umegawanya nguvu kwa unene wa waya kabla haujavutwa. Swali linataka unene wa baada ya kuvutwa."

Injinia alitazama, akaangua kicheko.

"Kuna cha kuchekesha?"

"Hapana, Mwalimu. Ila kosa hili nimelifanya mwenyewe. Sikulinakili popote."

Mwalimu alivua miwani, akamtazama vizuri. "Basi vuta kiti," alisema.

Akavuta.