Geti la Sitaha ya Chini

Mchoraji alipofika ofisini asubuhi alikuta maji ya chumvi yanafika vifundoni, yakitiririka kutoka kwenye skrini ya kompyuta yake. Akaiinua soketi ya waya mrefu juu ya kiti, akakunja suruali, akaendelea na kazi. Alikuwa akichora meli kubwa ya abiria iliyozama enzi za mababu, na wajukuu wa mwenye meli walitaka kuitundika picha hiyo mapokezi kwenye jumba lao jipya. Kule kuzama waliona fahari. Kuna watu hujivunia hata jipu, mradi liwe la kurithi.

Bosi aliingia akichapa maji kwa viatu. "Bahari umeipatia. Ila hao abiria wa sitaha ya chini, nyuma ya geti, wamenuna mno. Watoe."

Mchoraji wa kompyuta hafuti kitu, huficha tu, maana wateja ni vigeugeu. Akabofya. Abiria wa chini wakatoweka pichani, wakatokea kwenye korido wamelowa chapachapa, wakapanga foleni bila kuambiwa. Mama wa usafi akawafokea kwamba ndiyo kwanza amepiga deki.

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akamwinamia mchoraji. "Mwanangu, lile geti umelifunga wewe?"

"Lilifungwa tangu zamani zile, mama. Mimi nimechora tu."

"Basi lichore wazi. Huyu hajui kuogelea."

Mchoraji aliona aibu mpaka masikio yakamchemka. Bosi alipotoka kwenda kula, akawarudisha pichani, na safari hii akalifuta kabisa komeo la geti. Wakapanda ngazi mbiombio, viatu mkononi, hadi sitaha ya juu.

Ndipo alipokumbuka mashua za kuokolea. Jana yake alizisogeza mbali, zikiwa nusu tupu, kwa sababu zilikuwa zinauziba mwezi. Akajaribu kuzivuta zirudi, zikagoma. Waliokaa humo walikuwa wameshika makasia, na hakuna aliyegeuza shingo.

Bosi akarudi akichokonoa meno. "Eeh, sasa pamechangamka! Hawa wanaopunga mikono ndio wameitendea haki picha."

Picha ikatundikwa. Mchoraji akiwa na shida kwenye jumba lile hupitia mlango wa nyuma. Mama wa usafi wa pale hupiga deki chini ya picha kila asubuhi na kulalamika peke yake. Wageni wa mapokezi ni watu wenye adabu zao: wakipungiwa, nao hupunga.